Jinsi ya kuiandaa The Rite of Spring bila okestra kupotea njiani

Kama okestra yenu imekubali kupiga The Rite of Spring, muziki wa baleti wa mtunzi Stravinsky kuhusu msichana anayetolewa kafara, kabla hata hamjatoa vyombo angalieni kwanza karatasi za noti. Ile ngoma ya mwisho, ya kafara, Stravinsky aliiandika upya 1943 na thamani za noti akazifanya ndefu mara mbili, sasa kondakta akiwa na skoo (kitabu chenye noti za vyombo vyote) ya zamani na wapigaji wana parti (karatasi ya kila chombo) mpya mtabishana mazoezi mazima bila kujua mnabishania nini.

Haya, wengi wanadhani ugumu wa hii kazi ni ukubwa wa sauti. Mi nasema ugumu ni kuhesabu, na ladha yake yote iko humo humo kwenye hesabu.

Chukua pale vyombo vya nyuzi vinapoanza kugonga akordi moja (noti kadhaa zikilia pamoja), mara baada ya utangulizi. Biti haibadiliki, akordi haibadiliki, kinachohama ni mkazo tu. Baa 8 za kwanza, yaani vile vipande vidogo vya muziki vinavyotengwa na mistari, zina noti 32 za nusu biti, mkazo unaangukia noti ya 10, 12, 18, 21, 25 na 30. Wekeni vyombo chini, wote mseme "ta" kwa sauti ya chini huku mguu unapiga biti, na zile sita tu ndo mzitamke kwa nguvu, mrudie mpaka mtu asihitaji tena kuhesabu namba. Kisha nyuzi zipige, kila noti upinde unashuka kama ilivyoandikwa, na hapa sikilizeni vizuri sana: noti isiyo na mkazo isipungue urefu wala isinyong'onyee. Wapigaji wana tabia ya kupunguza kidogo kabla ya mkazo ili wauandae, sasa msikilizaji anajua unakuja na mshtuko wote umekufa! Zile horni 8 (vyombo vya shaba vya kupuliza) zinazopiga mikazo nazo zisisubiri kusikia nyuzi, zivute pumzi ndani ya biti, la sivyo zitachelewa kila mara.

Mwanzo wenyewe ni kinyume kabisa. Basoni, chombo cha mbao cha kupuliza ambacho kawaida hupiga noti za chini, iko peke yake juu sana, na mtunzi ameandika tempo huru, kwahiyo kondakta amfuate mpigaji, asimburute. Ule wimbo umetokana na wimbo wa kienyeji wa Lithuania, uimbwe, upumue, usipigwe kama mtihani wa vidole. Binafsi napenda sana mpigaji anayechukua muda wake hapo, maana huko mbele uhuru huo haupo tena.

Kwenye ngoma ya kafara baa zinabadilika karibu kila hatua, na usijaribu kuzihesabu kwa biti kubwa utazama. Shika noti ndogo kabisa, iwe sawa kama metronomu, halafu gawanya kila baa kwa mbili na tatu: baa yenye noti ndogo tano ni mbili-tatu au tatu-mbili, amueni pamoja na kila mtu aandike kwa penseli. Akordi nyingi zinakuja baada ya kimya kwenye biti ya kwanza, kwahiyo kile kimya kipigwe kichwani kwa nguvu ile ile ya noti, anayepumzika hapo anaingia kachelewa. Anzeni pole pole kabisa, nusu ya kasi, nyuzi na timpani (zile ngoma kubwa) peke yao, wapigaji wa vyombo vya shaba waje baadae. Kondakta naye apunguze mikono, ishara ndogo na kali inaonekana kuliko kuruka ruka.

Ile baa ya mapigo 11 kabla ya Mteule, yule msichana wa kafara, kutukuzwa haina ujanja mwingi, tatizo lake ni watu kukimbia. Mapigo yote yawe mazito sawasawa, la 11 lisiwe jepesi eti kwa sababu mnaona mbele kuna kasi, na kondakta aonyeshe mapema ni wapi tempo mpya inaanza.