Kuni za Bure na Banda Limejaa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuzifuata

Habari ya mti uliokatwa haikawii kufika. Mtu anasafisha kiwanja, au upepo umeangusha tawi kubwa, au fundi anabomoa paa la zamani, na mwenyewe anachotaka ni pawe peupe tu: njooni mchukue, bure. Aliyeishiwa kuni hana cha kuwaza, anabeba shoka na kwenda. Mwenye banda lililojaa ndiye mwenye mtihani. Kuni hazihitaji, lakini kusikia zitateketezwa bure kwenye shimo la takataka kunamuuma. Kabla hajawasha gari ana mambo ya kupima, na mengi yanapimwa nyumbani, si kule ziliko.

La kwanza ni kujua akiba yenyewe ni kiasi gani. "Nimejaa" si kipimo. Chukua futi, pima urefu wa safu, kimo chake na urefu wa kipande, kisha zidisha. Safu ya mita 4, kimo mita 1.5, vipande vya sentimita 40, ni mita za ujazo 2.4 za kuni zilizopangwa, na karibu theluthi yake ni hewa iliyo kati ya vipande. Halafu piga chaki mahali rundo lilipofikia leo, uendelee kutumia kama kawaida kwa wiki moja, uone limeshuka kiasi gani. Chagua wiki ya matumizi makubwa, maana wiki nyepesi itakudanganya. Ukishajua banda lako ni la miezi mingapi, nusu ya uamuzi imeshapatikana. Kwa maoni yangu, mwenye kuni kavu za mwaka huu na nyingine zinazokauka kwa ajili ya mwaka ujao ametosheka. Zaidi ya hapo anaweka akiba ya mwaka wa tatu, na akiba ya namna hiyo haina haki ya kumvunja mtu mgongo.

La pili, na hapa ndipo wengi wanapopinda, ni kama kuni hizo ni mbichi au kavu. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na aina nyingine hupita hapo. Kuni inayofaa kuwashwa ina unyevu usiozidi asilimia 20. Kilo moja ya mti mkavu kabisa hutoa joto la takriban megajuli 18 au 19, uwe mti mgumu au mwepesi. Mti mgumu unasifiwa kwa sababu kipande chake ni kizito, basi. Lakini kila kilo ya maji iliyomo inakula kama megajuli 2.5 ili ipate moto na kugeuka mvuke. Ukipiga hesabu, kilo ya kuni iliyo nusu maji inakuachia megajuli 8 hivi, wakati kilo ya kuni yenye unyevu wa asilimia 20 inakuachia zaidi ya 14. Na hasara haiishii kwenye joto. Moto uliopozwa na mvuke haufiki joto la kuchoma gesi zinazotoka kwenye mti, kwa hiyo gesi hizo zinageuka moshi, masizi, na ule utando mweusi unaonata ndani ya dohani ambao siku moja unaweza kushika moto wenyewe.

Huhitaji mashine kujua. Pasua kipande katikati, uweke ule uso mpya uliofunguka shavuni. Kikiwa kibichi utasikia ubaridi wa majimaji hata kama gome lake ni kavu kabisa na ncha zimepasuka nyufa. Nyufa za nchani zisikutie moyo, zinatokea mapema wakati moyo wa gogo bado umelowa. Gonga vipande viwili: vikavu vinalia kwa sauti kali, vibichi vinatoa mgoto mzito. Na ukikitia motoni kibichi, utaona povu likitokota kwenye ncha na kusikia kinachuruzika na kufoka. Kama una kipima unyevu, choma sindano zake kwenye uso huo mpya uliopasuliwa. Ukipima nje ya gome unajipa habari njema za uongo.

Sasa, watu husema mwenye akiba asihangaike na kuni mbichi. Mimi naona kinyume. Kuni mbichi zinamfaa mwenye akiba kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye ana nafasi ya kuzisubiri. Asiyekuwa na akiba atazichoma wiki hiyo hiyo, apate moshi na macho mekundu. Zile kavu, kama mti uliofia wima miaka kadhaa, ndizo mwenye banda lililojaa anazopaswa kumwachia asiyekuwa na kitu, maana zinatumika karibu mara moja. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayezitoa si "ziko nyingi?" bali "mti umekatwa lini, na ulikuwa mbichi au mkavu?"

Lakini kusubiri kunataka mahali, na hili ndilo linaloamua mara nyingi. Miti myepesi iliyopasuliwa vizuri, ikipata upepo, inaweza kukauka kwa miezi sita hadi mwaka. Miti migumu yenye uzito inaweza kudai miaka miwili. Magogo mazima yasiyopasuliwa hayana hesabu: gome linazuia maji yasitoke ubavuni, kuvu inaingia, na unaweza kukuta yameoza kabla ya kukauka. Maji hutoka kwa urahisi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, ndiyo maana vipande vifupi vinakauka upesi kuliko virefu. Jiulize, basi, unapo mahali pa kupanga safu nyingine kabisa, iliyoinuliwa juu ya ardhi kwa magogo au uchaga, iliyofunikwa juu tu na kuachwa wazi ubavuni ili upepo upite? Turubai lililoviringishwa pande zote hadi chini linazuia mvua isiingie na unyevu usitoke, na ndani kunaota ukungu.

Kurundika kuni mpya juu ya zile za zamani ni kosa lililo baya zaidi ya kutokwenda kabisa. Utakuwa unachota za juu, yaani mbichi, huku zile kavu ulizozitolea jasho zikikaa chini na kuliwa na mchwa. Kama hakuna njia ya kuweka mpya bila kuhamisha za zamani, jibu limeshapatikana: usiende. Wala usizibanze kwenye ukuta wa nyumba kwa kukosa mahali. Mchwa hupita humo kuingia kwenye mbao za nyumba, na penye hatari ya moto wa nyika, wataalamu hushauri rundo likae kama mita 9 kutoka kwenye jengo.

Tukija kwenye kazi yenyewe, bure ni bei ya kuni tu. Mita moja ya ujazo ya mti mgumu mbichi, ikiwa ni mbao tupu bila mianya, inakaribia tani. Pingili moja yenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa sentimita 40, kitu kinachoonekana kidogo ukikitazama kwa mbali, inafika kilo 75 au zaidi. Angalia gari lako limeandikiwa kubeba kiasi gani, na ukumbuke kwamba breki zinabeba mzigo ule ule ambao springi zinabeba. Hesabu pia mafuta, mnyororo wa msumeno utakaoisha makali, na siku nzima ya kupasua. Ukijua huwezi kuzipasua zote ndani ya wiki chache, chukua zile utakazoweza. Magogo yaliyoachwa mpaka "nikipata nafasi" ndiyo yanayoota uyoga.

Chagua ukiwa pale pale. Gome lililojisokota kama kamba linakuambia nyuzi za ndani zimejisokota vilevile, na shoka litanasa. Panda za matawi na mafundo makubwa mwachie mwenye mashine ya kupasulia. Pingili zilizonyooka, nyembamba kiasi cha mtu mmoja kuinua, hizo ndizo. Baadhi ya miti migumu hupasuka vizuri zaidi ikiwa bado mbichi, kwa hiyo usiipumzishe kwanza ukidhani itakuwa rahisi baadaye.

Zipo kuni za kukataa hata ukiwa huna kitu, seuze umejaa. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu, hasa zile za zamani zenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia, zinaweza kuwa na shaba, kromi na aseniki. Ukizichoma, sumu inabaki kwenye moshi na kwenye majivu. Mataruma ya reli yamelowa mafuta ya lami. Mbao za rangi ya zamani zinaweza kuwa na risasi. Palati za mizigo zina mhuri: HT maana yake zilipashwa joto tu, MB zilifukizwa kwa dawa ya methili bromidi, ziache, isiyo na mhuri wowote usiikisie. Magogo yaliyotupwa na bahari yana chumvi inayokula chuma cha jiko na kuongeza sumu kwenye moshi. Na kuna miti yenyewe: oleanda ina sumu kila sehemu, na mnyaa una utomvu mweupe unaoweza kuunguza macho vibaya. Mti usioujua jina uulizie kwanza.

Wadudu nao hupanda gari. Unga laini chini ya vitundu vidogo ni kazi ya bungua, na kuni za namna hiyo zisiwekwe karibu na samani wala paa la mbao. Kwa safari ndefu jambo linakuwa kubwa zaidi. Mbawakavu mmoja wa kijani anayeua miti iitwayo ash huko Marekani, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, ameenea sehemu nyingi kwa sababu watu walibeba kuni zenye funza wake ndani ya gome. Kuni zichukuliwe karibu na zichomwe karibu. Aliye mbali ana sababu ya kutosha ya kusema hapana, na hakuna atakayemlaumu.

Hakikisha pia anayekupa ndiye mwenyewe. Mti ulioanguka kando ya barabara au ndani ya msitu wa hifadhi una mwenyewe hata kama umelala chini. Na hata ukiruhusiwa, kata kwa tahadhari: matawi yaliyopinda na kubanwa chini ya shina lililoanguka yana nguvu ya kurudi kwa kishindo yakikatwa. Kama huna uzoefu wa msumeno wa mashine, chukua zilizokwisha kukatwa tu.

Kuna jambo la adabu ambalo halisemwi sana. Ukikubali, maliza. Anayetoa kuni bure anatafuta kusafishiwa, na ukimchukulia zile nzuri ukamwachia vichwa, vijiti na maganda umemwongezea kazi. Mwambie mapema: nitachukua nusu, magogo ya upande huu, kufikia Jumamosi. Kama huziwezi, mjibu siku hiyo hiyo ili amwite mwingine, na ikiwa unamjua mtu ambaye jiko lake linazimika kwa kukosa kuni, mwunganishe. Njia nyingine ni kwenda wote: wewe una msumeno na gari, yeye ana mikono na shida, mgawane hapo hapo.

Ukishaamua kwenda, safisha mahali pa kuzishushia kabla ya kuondoka, si ukirudi umechoka. Chukua glavu, viatu vigumu, kabari mbili, nyundo nzito, kamba na futi. Pakia zito mbele, chini, karibu na kichwa cha gari, ufunge. Zikifika, zipasue ukubwa wa kati ya sentimita 8 na 15, uzipange peke yake, halafu andika kwa rangi mwezi na mwaka kwenye ncha ya kipande cha pembeni, upande wa rundo utakaofikiwa mwisho. Pima uzito wa kipande kimoja, kitie alama, ukirudishe safuni, na ukipime tena kila baada ya wiki kadhaa. Uzito ukiacha kushuka katika majira ya jua, safu hiyo iko tayari.