Kurudi kwenye tarumbeta baada ya miaka mingi: somo hatua kwa hatua, pamoja na maswali yenu

Tarumbeta yangu ililala kwenye sanduku miaka 11. Siku niliyoitoa nilichagua wimbo niliokuwa nikitamba nao zamani, nikaanza nao moja kwa moja. Dakika 20 za kwanza nikajiona bado nimo. Kufika dakika ya 40 nilikuwa naikandamiza tarumbeta mdomoni kama mtu anayeziba bomba linalovuja. Kesho yake mdomo wa juu ulikuwa umevimba, na siku nne zilizofuata sikugusa kitu.

Nilichojifunza ni kwamba vidole na masikio havisahau. Skeli unaikumbuka, F shapu unajua ni vali ya pili (vali ni vile vitufe vitatu vya kubonyeza), wimbo mzima uko kichwani. Kilicholegea ni ule msuli unaozunguka mdomo, na wenyewe hauna habari kwamba zamani ulikuwa hodari. Kichwa kinaagiza, mdomo unashindwa, mkono wa kushoto unaingilia kati kwa kukandamiza, na hapo ndipo watu wanapoumia. Karibu yote nitakayoeleza hapa ni mbinu za kukizuia kichwa kisikimbie, ili mdomo uwahi kukifikia.

Hatua ya 1: Chombo kwanza

Usipulize tarumbeta iliyolala miaka bila kuiosha. Toa slaidi zote, yaani yale mabomba yanayovutwa nje, kisha vali moja moja. Vali zina namba 1, 2 na 3, na kila moja irudi kwenye nyumba yake. Ukizichanganya hewa haipiti, utapuliza mpaka macho yatoke. Osha mabomba kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya vyombo, pitisha brashi ndefu inayopinda, suuza, kausha. Maji ya moto yaache, yanaweza kubandua vanishi. Vali zenyewe zisafishe sehemu ya chini tu, kwani vile vitambaa vizito vya juu havitakiwi kulowa. Kisha weka mafuta ya vali kwenye vali na grisi kwenye slaidi, usibadilishe.

Kagua pia bomba la kwanza, lile linalopokea mausipisi, kile kipande kidogo unachokiweka mdomoni. Tarumbeta imetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ukiona madoa ya rangi ya waridi yanajitokeza, zinki imeanza kutoka na bomba linaliwa kutokea ndani. Si mwisho wa dunia, ila mwonyeshe fundi kabla hujatumia fedha kwa mambo mengine.

Na kama slaidi au mausipisi imeng'ang'ania, tafadhali, koleo likae mbali. Fundi ana kifaa maalumu cha kuvutia mausipisi, kazi ya dakika moja.

Hatua ya 2: Pumzika kadiri unavyopiga

Ukipiga dakika moja, shusha tarumbeta dakika moja. Si kuishikilia tu karibu na mdomo huku unasubiri, ishushe mapajani. Wiki mbili za mwanzo piga dakika 15 asubuhi na 15 jioni, mapumziko yakiwa ndani ya hizo 15. Najua inaonekana kidogo. Mimi pia nilidharau, na mnajua kilichonipata. Acha ukiwa bado unatamani kuendelea. Ukisubiri mpaka sauti ianze kukwaruza, umeshachelewa.

Hatua ya 3: Ratiba yenyewe

Anza na pumzi, dakika mbili, bila chombo. Vuta hewa tumbo na mbavu vikitanuka, mabega yakiwa yametulia, kisha itoe yote bila kuizuia kooni. Halafu tetemesha midomo kwenye mausipisi peke yake, dakika moja tu, ukipandisha na kushusha sauti kama king'ora. Wapo wanaofanya hivi nusu saa; sijawahi kuona faida yake kwa mtu anayerudi.

Sasa noti ndefu, na hapa ndipo nataka utulie. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Anza na G ya mstari wa pili (kwenye mistari mitano ya karatasi ya muziki), ishike kwa mapigo 8, pumzika mapigo 8. Shuka nusu toni: F shapu, F, E, E flati, D, C shapu. Ni noti saba tu, lakini ukifika mwisho umepitia mipangilio yote saba ya vali, kuanzia bila vali yoyote mpaka zote tatu. Piga kwa sauti ndogo. Sauti kubwa huficha makosa: hewa ikisukumwa kwa nguvu midomo italia tu hata ikiwa imekaa vibaya. Kwa sauti ndogo, mwanzo wa noti ukikatika utasikia, noti ikitikisika utasikia. Lengo ni noti ianze na hewa bila kishindo na iishe bila kudondoka. Mimi hizi noti saba peke yake nilizifanya wiki tatu kabla hazijanyooka, na hakuna zoezi lililonirudishia sauti yangu kama hili.

Jambo moja wakati wa noti ndefu: toa kidole kidogo cha mkono wa kulia kwenye ile ndoano, kiweke juu yake. Kikiwa ndani ya ndoano unaivuta tarumbeta mdomoni bila kujua.

Baada ya hapo, telezesha midomo. Bila vali, kutoka C ya chini kwenda G na kurudi, bila ulimi katikati. Ukipanda, ulimi unainuka kama unatamka "ii". Ukishuka unalala kama "aa". Rudia kwa vali ya 2, kisha ya 1, kisha 1 na 2 pamoja. Usisukume kwa mkono.

Ulimi ni dakika chache: "tu tu tu" kwenye noti moja, kisha "du du du" kwa ulaini zaidi. Skeli moja au mbili, polepole. Na mwishoni kabisa, wimbo mmoja mfupi unaoupenda. Usiuondoe huo wimbo hata siku ya haraka, maana bila muziki hata ratiba nzuri haifiki mwezi wa pili. Funga kwa noti chache za chini, halafu pumua midomo ikipepea kama farasi. Inachekesha, ila damu inarudi mdomoni.

Hatua ya 4: Kuongeza

Wiki mbili za kwanza usivuke C ya nafasi ya tatu. Wiki ya tatu na ya nne ongeza mpaka E, na muda ufike dakika 40 kwa siku. Huko juu zaidi mdomo utakupeleka wenyewe. Siku moja kila wiki iwe nyepesi, noti ndefu tu.

Maswali

*Mkuu, nakaa na watu, kuta nyembamba. Naweza kufanya yote kwa kizibo cha mazoezi, kile cha kuziba mdomo wa tarumbeta ili sauti ipungue?*

Unaweza, lakini si yote. Kizibo kinaongeza ukinzani wa hewa, kwa hiyo unazoea kusukuma, na siku ukikitoa sauti inatawanyika. Tena vingi hupandisha sauti kidogo, usiamini tyuna (kipima sauti) ukiwa nacho. Noti ndefu jitahidi uzipige wazi, hata kama ni mara tatu kwa wiki mahali pengine. Kizibo kitumie kwa vidole na ulimi.

*Nimebadilishwa meno mawili ya mbele tangu nilipoacha. Kila kitu kimehama. Nianze upya?*

Kwa mdomo, ndiyo. Kwa muziki, hapana. Chet Baker, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, aliharibiwa meno katika miaka ya 1960, akalazimika kujifunza upya kupiga akiwa na meno ya bandia, na miaka ya 1970 akarudi jukwaani. Ndugu yangu, usitafute pale mausipisi ilipokuwa inakaa zamani. Tafuta panapotoa G safi leo, kwa sauti ndogo, na mpe daktari wa meno taarifa kwamba unapiga tarumbeta.

*D na C shapu za chini zinakuwa juu kila nikipima. Ni mdomo wangu?*

Si wewe. Vali ya 1 na ya 3 zikishuka pamoja, urefu wa bomba unaoongezeka hautoshi, hivyo noti inapanda. C shapu ndiyo mbaya zaidi. Sukuma nje slaidi ya vali ya 3 kwa kidole cha mkono wa kushoto, kuna pete pale kwa kazi hiyo. D inataka kidogo, C shapu inataka zaidi. Slaidi isipoteleza, rudi kwenye grisi.

*Miezi miwili sasa. Zamani nilikuwa nafika C ya juu, leo nakwama E ya nafasi ya nne. Ninunue mausipisi nyingine?*

Subiri, dada. Mausipisi ndogo itakupa noti mbili juu na kukunyang'anya sauti yote ya chini. Niambie kwanza: ukitoka mazoezini, duara la mausipisi linabaki mdomoni kwa muda gani? Likikaa zaidi ya nusu saa, unakandamiza. Rudi kwenye kuteleza midomo kwa wiki mbili, usiguse chochote juu ya C ya nafasi ya tatu.

*Lilibaki mpaka jioni.*

Basi tumepata jibu. Kidole nje ya ndoano.

*Mwalimu, nimesoma hatua ya kwanza nimechelewa. Mausipisi imekwama na nimeshaigonga na nyundo mara mbili.*

Weka nyundo chini. Usipige tena, usivute. Funga sanduku na umpelekee fundi kama ilivyo, na umwambie ukweli kuhusu hizo mara mbili, ili akague kama bomba la kwanza limepinda.