Ukirudi safari ya kikazi, usianze na ukaguzi

Ukikaa safarini wiki mbili, jua nyumba haikukusubiri. Saa ya kula imebadilika, mtoto kahamia upande wako wa kitanda, rimoti nayo ina makao mapya. Usirekebishe chochote siku ya kwanza. Mimi niliwahi kuingia, begi bado mkononi, nikauliza kwa nini viatu vimezagaa mlangoni. Usiku ule nilijibiwa "ndiyo" na "hapana" tu. Siku hizi simu ya kazi naizima nikiwa bado nje, na swali langu la kwanza ni, "Nikupokee nini?" Aliyebaki naye kachoka, pengine kukuzidi. Na kama umevuka kanda kadhaa za saa, mwili huhitaji takriban siku 1 kuzoea kila saa ya tofauti, kwa hiyo usiwaahidi watoto matembezi kesho yake.