Somo: Kuchagua rimu na matairi ya Datsun 240Z

Kabla hujazipenda rimu za mtu pichani, vua gurudumu moja uchukue rula. Natumia 240Z kama mfano, ila hatua hizi zinafaa gari lolote la spoti la zamani.

1. Matundu ya nati. Hapa yako manne, na kutoka katikati ya tundu moja hadi la mkabala ni milimita 114.3. Kwenye gari la nati tano, pima kati ya mawili yanayofuatana kisha zidisha kwa 1.701.

2. Kitovu. Tundu la katikati ya rimu likizidi kitovu, weka pete ya kujaza nafasi. Likipungua, rimu haiingii, basi.

3. Tairi. Wengi hupotelea hapa. La kiwandani liliandikwa 175HR14, bila namba ya ubavu. Enzi hizo namba hiyo ikikosekana, ubavu ulihesabiwa takriban asilimia 82 ya upana. Kwa hiyo 175 × 0.82 × 2, jumlisha 355.6 za inchi 14: kama milimita 643 kwenda juu. Ukichukua 195/70R14 (upana 195, ubavu asilimia 70 ya upana, rimu ya inchi 14) unapata 629. 205/65R15 inakaribia 648. Zote mbili ningezifunga. Kupita inchi 15 sishauri: ubavu unakuwa mwembamba, na gari la 1970 linaonekana limeazima viatu vya mjukuu.

4. Ofseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaogusa kitovu. Ukitoka rimu ya inchi 4.5 hadi ya 6 kwa ofseti ileile, kila upande unaongezeka milimita 19. Ndani kuna springi, nje kuna madigadi. Funga moja ya majaribio, kata usukani mpaka mwisho pande zote, uchungulie.

Maswali

Nimepata matairi ya zamani hayajawahi kutumika, meno yote yapo. Ninunue?
Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. 2311 ni wiki ya 23 ya 2011. Mpira huzeeka hata stoo. Achana nayo.

Nati zangu za zamani zitafaa rimu za aloi?
Tazama kalio la nati, yaani sehemu inayokaa kwenye rimu. Rimu nyingine zinataka koni, nyingine bapa lenye shingo. Zisipoendana zitalegea njiani.

Nikifunga 195/70R14, spidomita itadanganya?
Kidogo. Kama ilikuwa sahihi mwanzoni, ikisoma 100 wewe uko karibu na 98.