Trei ya korosho kona zinatoboka? Piga hesabu kabla hujanunua shiti
Wadau mnaofungasha korosho huku Mtwara, kama unataka kufinyanga trei zako za plastiki mwenyewe (shiti ya plastiki inalainishwa kwa hita, kisha inavutwa kwa hewa ikae kwenye kalibu yenye umbo la trei) usianze na hita, anza na kalamu, mana shiti tunaagiza mbali na ukikosea unene mzigo wote umekula kwako.

Tuchukue trei ya sm 20 kwa 15, kina sm 5. Mdomo wake ni 20×15 = 300, sehemu iliyobanwa na fremu usiihesabu. Sasa plastiki inatakiwa ifunike kitako 300 na kuta (20+15)×2×5 = 350, jumla 650. Gawa 650 kwa 300 unapata kama 2.17, yani eneo linavutika mara mbili na kidogo na unene unagawanyika hivyohivyo. Shiti ya mm 0.5 inabaki wastani wa 0.23, laini mno. Ukitaka wastani wa 0.3, zidisha kwa 2.17, tafuta shiti ya 0.65.

Ila wastani unadanganya. Kwenye kalibu ya shimo, ile plastiki inavutwa kuingia ndani yake, plastiki ikigusa ukuta inapoa palepale haivutiki tena, kilichobaki ndo kinaenda kujaza kona za chini, kwahiyo kona ndo nyembamba kuliko kote. Mi trei zangu za kwanza zilitoboka hapohapo nikawa nahangaika na moto tu, kumbe tatizo lilikuwa hesabu. Fanya hivi, chora miraba ya sm 1 kwa maka peni kwenye shiti kabla haijapata moto, ikitoka pima mraba wa kwenye kona, kama umekuwa 2 kwa 1.5 eneo ni 3, basi 0.65÷3 = mm 0.22 hivi. Haitoshi? Zidisha mviringo wa kona au punguza kina kwanza, unene uongeze mwisho kabisa, unene ni hela.

Kunywea nako kupo, yani plastiki kusinyaa ikipoa. Plastiki ya polistairini inanywea kama 0.5%, kalibu ya mm 200 iwe 200÷0.995 = 201. Ya polipropilini ni kama 2%, hapo weka 204.

Kuta zilaze nyuzi 3 ili trei itoke kwenye kalibu, kwa kina cha mm 50 ni 50×0.052 (tanjenti ya nyuzi 3) = mm 2.6 kila upande. Kalibu ya kusimama, ile plastiki inaifunika kwa nje, ipe nyuzi 5 mana plastiki ikinywea inaing'ang'ania. Kitako kikipungua kwa kulaza kuta, rudi kwenye hesabu ya eneo.

Vitobo vya kuvutia hewa toboa kwenye kona za chini, viwe vidogo kuliko unene wa plastiki ilipofika pale, la sivyo vitaacha vinundu.