Mtaa Ukipanda Bei: Namna ya Kuipima na Kuilinda Shule ya Msingi ya Umma Malindi

Kutoka Shella hadi Casuarina, na sasa upande wa Muyeye, dalili za mtaa kupanda bei hazibadiliki: ukuta mrefu wa vila uliopakwa chokaa, lango la chuma, na kibao cha dalali kwenye mnazi. Wazazi wengi hudhani shule ya umma iliyo jirani na vila hizo itanyanyuka pamoja na bei ya viwanja. Hainyanyuki. Wenye vila wengi hawana mtoto wa kusomesha hapa, na aliye naye humpandisha basi la shule ya kulipia. Wanaoondoka ndio waliokuwa wakiijaza shule: wapangaji wa vyumba, na wenye nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yako lakini kiwanja ni cha mtu unayemlipa kodi ya ardhi. Kiwanja kikiuzwa unapewa notisi, na watoto wanahamia Ganda au Msabaha muhula ukiwa katikati.

Shule ya umma hupata pesa kwa hesabu ya vichwa, na walimu pia hupangwa kwa kutazama idadi. Basi anza na vichwa.

Hesabu tatu, si moja

Mgao wa serikali kwa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Watoto 40 wakihama, Sh56,800 zimekwenda nao, lakini bili ya stima na paa linalovuja vimebaki pale pale.

Mwombe mwalimu mkuu idadi tatu za darasa moja: walio kwenye daftari la mahudhurio, walio kwenye mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi kwa kompyuta, na walioketi darasani siku hiyo. Nenda Jumanne au Jumatano. Wiki ya kwanza ya muhula haifai, watoto hurejea kidogo kidogo. Ijumaa nayo hukatikakatika. Tuseme Gredi ya 4 ina watoto 62 kwenye daftari, 49 kwenye mfumo, na 51 darasani. Tofauti ya 62 na 51 ni utoro, au ni watoto waliokwisha kuhama bila kuaga. Tofauti ya 62 na 49 ni pesa: watoto hadi 13 ambao huenda shule inawafundisha bila mgao, hadi Sh18,460 kwa mwaka kwa darasa moja tu.

Sababu za pengo hilo aghalabu ni mbili. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, au shule aliyotoka haijamwachilia kwenye mfumo, kwa hiyo mgao wake unakwenda kule. La kwanza hutatuliwa na mzazi katika ofisi ya usajili wa vizazi, kwa usajili wa kuchelewa. La pili ni kazi ya walimu wakuu wawili kupigiana simu, na bila mtu wa kuwasukuma huweza kulala mwaka mzima.

Kumbuka pia kwamba chekechea, PP1 na PP2, ni jukumu la kaunti. Msingi na sekondari ni la serikali kuu. Ukipeleka malalamiko ya chekechea kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, ambaye ni wa serikali kuu, utarudishwa mlangoni.

Unachokagua ukiwa ndani

Chukua futi ya kupimia. Kwa mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008, darasa la mita 7.5 kwa 5.85 lisizidi watoto 30 wenye dawati la mmoja mmoja, au 40 wakikaa wawili wawili. Ukikuta 70 wamebanana na chumba cha pili kimetiwa kufuli, tatizo si jengo, ni mwalimu: mikondo miwili imeunganishwa. Hapo ukimletea mfadhili wa kujenga darasa jipya utaongeza kufuli moja tu.

Uliza walimu kwa mafungu: wangapi wameajiriwa na TSC (tume ya kuajiri walimu), wangapi wako kwenye mafunzo ya kazini kwa mkataba, wangapi wanalipwa na wazazi kupitia bodi ya usimamizi wa shule. Fungu la mwisho ndilo la kutazamwa kwa makini, maana mtaa ukihama ndilo linalokatika kwanza.

Vyoo: kipimo kinachotumika ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Hesabu yanayofanya kazi tu. Ingia, funga komeo, mwambie mwenzako asukume mlango kwa bega. Komeo likikubali kufunguka, hicho si choo cha msichana wa Gredi ya 7, na siku zake zikifika atabaki nyumbani.

Matokeo ya mtihani yasikupoteze. KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023, kwa hiyo anayekutajia wastani wa alama za shule anakusimulia shule ya zamani. Omba madaftari matatu ya watoto wa kati darasani, si yale anayochagua mwalimu. Tazama tarehe za kalamu nyekundu. Iwapo kazi ya hesabu ya wiki tatu haina tiki wala kosa, umepata jibu ambalo ukuta uliopakwa rangi mpya hauwezi kukupa.

Ardhi ya shule

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo watu hulala. Shule nyingi za Pwani zilijengwa kwenye ardhi iliyotolewa kwa mdomo, au iliyotengwa kwenye ramani bila hati kutoka. Wakati shamba lilikuwa shamba hapakuwa na neno. Sasa mita kumi za uwanja wa mpira karibu na barabara ya lami zina bei.

Pata nambari ya kiwanja kutoka kwa mwalimu mkuu au kwa afisa wa ardhi. Omba utafutaji rasmi katika usajili wa ardhi, ukiwa na nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi). Soma mambo matatu kwenye jibu: jina la mwenye ardhi, ukubwa, na kama pameandikwa deni au kizuizi. Kisha nunua ramani ya upimaji ya eneo hilo kutoka ofisi ya vipimo, utembee mpaka wote ukiwa na mtu mwingine na kamba ya mita 30. Tafuta bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa na wapimaji, kila pembe. Bikoni iliyopotea pembe ya nyuma, kwenye vichaka, mara nyingi ndiyo mwanzo wa ukuta wa jirani kusogea.

Makosa yanayojirudia: kuamini ua badala ya ramani; kupima kwa hatua za miguu; na kungoja hadi msingi uchimbwe. Jirani akiweka tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi, mathalani kutoka makazi kuwa hoteli, soma siku zilizotajwa za kupinga, aghalabu 14. Pingamizi liwe la maandishi, litaje nambari ya kiwanja na madhara mahsusi: kelele saa za masomo, maji taka, njia ya watoto kufungwa. «Hatutaki» peke yake hakuna afisa atakayeifanyia kazi. Mambo yakikataa, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Malindi.

Pesa za wageni, na viti vya kamati

Mtaa wa watalii huleta wafadhili, na wengi wana nia njema. Wape kazi inayofaa. Siku ya shule ya kutwa huhesabiwa lita 5 za maji kwa kila mtoto, hivyo watoto 400 wanamaliza lita 2,000, na tangi la lita 10,000 ni siku tano tu. Paa la madarasa mawili, kama mita 90 za mraba, kwa mvua ya milimita 10 hutoa lita 900. Ondoa humusi moja ya kumwagika, ubaki na 720. Masika inafaa sana, kiangazi tangi ni pambo. Kwa hiyo kabla ya tangi la pili omba mifereji ya paa iliyonyooka na bomba la kutupa maji ya kwanza yenye kinyesi cha kunguru. Misaada yote ipite akaunti ya shule na iandikwe kwenye kumbukumbu za bodi, isipite mfukoni mwa mtu mmoja anayejua Kiitaliano cha wafadhili.

Bodi ya usimamizi ina wawakilishi sita wa wazazi, na chama cha wazazi kina mkutano mkuu wa kila mwaka. Mkutano wa Jumatano saa nne asubuhi ni wa wenye nafasi; mama anayeuza mahamri na baba wa bodaboda hawafiki, na wachache wenye gari hupitisha mchango wa wote. Dai mkutano wa Jumamosi. Na mchango ukipitishwa, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iko wazi: unahitaji idhini ya waziri, mtoto asifukuzwe kwa kutolipa, na kila shilingi ina risiti rasmi. Ukinyimwa hesabu, andika barua chini ya sheria ya kupata habari ya 2016. Kiswahili kinakubaliwa, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri.

Kama notisi ya kuhama imeshakufikia wewe mwenyewe, mwombe mwenye kiwanja kwa maandishi akuachie hadi muhula uishe. Akikataa, usipakie mkokoteni kabla hujachukua barua ya uhamisho, ripoti ya tathmini ya mtoto, na nambari yake ya mfumo. Simama pale ofisini mpaka karani amwachilie kwenye kompyuta.