Gepu weji ya ngapi inafaa begi yako? Anza na pichingi

Ba yaya na badogo banaoanza gofu hapa Lubumbashi banauliza sana hii swali: ninunue gepu weji ya ngapi? Weji ni fimbo fupi za gofu za kupandisha mupira kwenda grini, ile fasi ya majani mafupi yenye bendera, na ile namba ni digri za lofti, maana pembe ya uso ya fimbo. Na karibu kila mutu anajibiwa 52, ata kama yule anayejibu hajaangalia begi ya yule anayeuliza. Miye nasema 52 inaweza kukufaa kabisa na inaweza kukuharibia falanga, juu gepu haina namba yake yenyewe, kazi yake ni kuziba fasi inayobaki katikati ya pichingi yako (weji ya lofti ndogo) na sendi yako (weji ya kutoka mu mchanga), na ile fasi haiko sawa mu begi zote.

Hiyo 52 ilikuja na hesabu yake. Sendi weji ya kisasa njo ile Gene Sarazen alishindia Open ya Uingereza mu 1932, na kwa miaka mingi nyuma ya pale seti ya kawaida ilikuwa na pichingi ya digri 48 hivi na sendi ya 56, sasa mutu akitafuta katikati anapata 52, mambo inaisha. Lakini feri za leo, zile fimbo za chuma za namba, zimebadilika sana. Bale banaozitengeneza banaweka uzito chini na nyuma ya kichwa, mupira inapanda juu vizuri ata kama uso ya fimbo umesimama, basi bakashusha lofti, na leo pichingi ya seti nyingi iko 45, 44, 43, kuko ata zile zinazopita chini ya hapo. Sendi yenyewe haikutembea, iko paka 54 mpaka 56. Sasa wewe uko na pichingi ya 44 na sendi ya 56, katikati kuko digri 12, kwa mita inaweza kufika 30 na kitu, na ni mu zile mita njo mapigo mengi ya kuingia grini yanaangukia. Ukiweka 52 pale, unabaki na digri 8 upande wa pichingi na 4 upande wa sendi. Umenunua fimbo na shimo bado iko.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua lofti ya pichingi yako, na hapo batu bengi banakwama juu fimbo yenyewe haisemi, imeandikwa P peke yake ao PW. Usikisie kwa macho. Andika jina kamili ya modeli mu telefone, na mwaka kama unaujua, utafute tablo ya lofti ya ile kampuni, karibu zote banaziweka kwa intaneti ata za seti za zamani. Angalia jina vizuri sana, juu kampuni moja inaweza kutoa feri tatu mu mwaka moja na majina yanayofanana, na pichingi zao zinatofautiana digri tatu ao nne. Angalia pia kama gepu haiko tayari mu begi, juu kuko batu banaikuwa nayo bila kujua! Haiandikwe kila mara G ao GW. Wengine banaweka A ao AW, kampuni ya Ping banaweka U, ile ya Cleveland bameshakuwa na DW, na wengine banaandika paka namba, 50 ao 52.

Ukishajua lofti, enda ku praktisi, fasi ya mazoezi, upime mita zako mwenyewe. Hapa nasisitiza. Zile tablo za kusema pichingi inaenda mita hizi, sendi mita hizi, ziliandikwa na batu ba fasi zingine, mara nyingi karibu na usawa wa bahari, na siye hapa tuko juu ya mita 1,200, hewa ni nyepesi, kwa mapigo marefu mupira inaweza kuongeza asilimia nne ao tano. Kwa weji haiongezeke sana vile, lakini namba za batu wengine haziwezi kukuchagulia fimbo. Kama kuko mutu mwenye mashini ya kupimia mupira, mulipe saa moja, ni falanga nzuri hiyo. Kama hakuna, chukua laza ya kupimia mita ao programu ya GPS ya telefone, umuombe kedi, yule anayekubebea begi, asimame mbele pembeni, kwa usalama, akuonyeshe fasi mupira inagusa chini. Fasi inagusa, si fasi inasimama, juu mwezi wa saba majani yamekauka na udongo ni mugumu, mupira inagusa na inakimbia mbali sana, utafikiri umekuwa na nguvu mupya. Piga mipira kumi na pichingi, kumi na sendi, pigo zima lakini bila kulazimisha, toa ile moja ya mbali sana na ile moja mubaya kabisa, zile zinabaki njo ukweli wako. Tumia mipira unayochezea kiwanjani, ile ya praktisi iliyochoka inadanganya.

Sasa hesabu. Batu bengi tunatafuta digri 4 mpaka 6 katikati ya weji moja na ingine, ambayo kwa mutu wa nguvu ya kawaida inatoa mita 9 mpaka 14 hivi. Pichingi 44 na sendi 56, nunua 50. Pichingi 46 na sendi 56, 50 ao 52 zote zinafaa, angalia ni upande gani unakosa zaidi mita. Pichingi 48 na sendi 56, hapo sawa, 52 ya watu wote njo yako. Lakini ukiwa na pichingi ya 43 kwenda chini, gepu moja inaanza kushindwa, digri 13 ukizigawa mbili unapata zaidi ya 6 kila upande, na mutu mwenye kupiga mbali ataona ile fasi mara moja, huyo aweke mbili, 48 na 52, nyuma ndiyo sendi 56. Na kama sendi yako iko 54, rudisha hesabu yote, usifuate hizi mifano kwa macho yamefungwa.

Kuko kitu bale banaopiga pole pole, ba papa ba miaka mingi, ba mama wengi, batoto, bambiwe wazi: kwao mita zinakaribiana. Kama feri 7 yako inaenda mita 100 hivi, digri 4 inaweza kukupatia mita 5 ao 6 peke yake, na hapo hauhitaji weji ine mu begi. Chukua gepu moja katikati, digri 6 ni sawa, ile fasi ingine weka fimbo ya kukusaidia mbali. Na kwa kila mutu, kama uko na falanga ya weji moja tu, gepu inapita lobu ya 60, ile weji ya lofti kubwa kupita sendi. Lobu inapendeza kuiangalia, mupira inapanda juu inaanguka pole, lakini inaomba mkono wa mazoezi mingi, na ile gepu utaishika karibu kila siku ya kucheza.

Tuje ku baunsi, ambayo watu banairuka na kwetu hapa njo ya kufikiri sana. Baunsi ni ile pembe ya tumbo ya fimbo, sehemu ya chini inayozuia ncha ya mbele isichimbe. Ku weji nyingi imeandikwa kando ya lofti, kwa mufano weji ya jina Vokey ya 52.08 ni lofti 52 na baunsi 8, na 52.12 ni lofti ile ile na baunsi 12. Baunsi ndogo, 4 mpaka 6, inapenda udongo mugumu na majani mafupi. Baunsi kubwa, 10 kwenda juu, inapenda udongo laini na mutu anayeingia chini kwa nguvu akitoa vipande vikubwa vya majani. Sasa Lubumbashi tuko na zote mbili mu mwaka moja: kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu mvua inanyesha, udongo unakunywa maji, fimbo inazama, nyuma inakuja miezi ya jua ambapo ardhi nyekundu inakuwa sawa na tofali. Ukinunua baunsi 12 utaumia mwezi wa nane, tumbo ya fimbo inaruka juu ya udongo na unapiga mupira kichwani, inavuka grini yote. Ukinunua 4, mwezi wa kwanza utachimba mashimo. Kwa gepu chukua katikati, 8 mpaka 10, na hapo usisumbuke tena. Baunsi ya kupita kiasi uachie sendi, yenye inaingia mu bunka, ile shimo ya mchanga.

Sasa, gepu ya seti yako ao weji ya peke yake? Jibu iko mu vile unaitumia. Kama karibu kila mara unaipiga pigo zima, mita 90, mita 95, tafuta ile ya seti moja na feri zako, kichwa chake ni kikubwa kidogo, inasamehe ukigusa mupira pembeni, shafti, ule mti wa fimbo, ni moja, unajisikia uko na feri 10 mu mukono. Kama unaipiga nusu, unaichezea karibu na grini, unaifungua uso, weji ya peke yake inakupatia mukono zaidi na mupira inashika grini vizuri. Miye kwa mutu anayeanza ao wa hendikepu (namba ya kiwango ya mucheza, ndogo njo bora) ya juu ya 15 nasema ya seti, bila kuwaza mara mbili.

Shafti, kifupi: uzito ukaribiane na wa feri zako. Feri za grafiti nyepesi na weji ya chuma kizito havipatani, mukono unachelewa.

Ununuzi wenyewe unajua vile iko. Wengi tunaagiza Johannesburg ao tunamutuma mutu anayevuka Kasumbalesa aangalie ku ba klabu ba Copperbelt, Kitwe na Ndola, kule gofu ni ya zamani na fimbo za mukono wa pili zinatembea. Ukituma mutu, mwandikie lofti, baunsi na shafti, usimwambie "niletee gepu" peke yake, atakuletea 52. Fimbo ya mukono wa pili, pitisha ukucha mu mistari ya uso: kama ukucha unateleza bila kushikwa, mistari imekwisha, na wakati ya mvua majani mabichi yataweka maji katikati ya uso na mupira, itaruka bila kuzunguka na haitasimama. Bei ndogo kupita kiasi ku fimbo mupya ya jina kubwa, jihazari, za bandia ziko nyingi.

Kama umepata inayokaribia lakini si yenyewe, 52 na wewe unataka 51, digri moja ao mbili inaweza kukunjwa na fundi wa gofu mwenye mashini yake. Usipeleke kwa fundi wa garaji aibane mu etau, vichwa vingi vimemiminwa, vinapasuka. Na ujue ukishusha lofti digri moja, baunsi nayo inashuka moja.

Kumbuka pia sheria ya fimbo 14, ile Bamarekani waliiweka 1938: ikiingia gepu na begi imejaa, kitu kinatoka. Toa ile feri ndefu haujapiga vizuri tangu mvua ya mwaka jana. Nyuma ya hapo rudi ku praktisi na kedi yule yule, pima gepu pigo zima, pima mikono ikifika ku bega, pima ikifika ku kiuno, andika zile namba tatu ku karatasi uiweke mu mufuko wa begi, na wakati mvua zinaisha upime tena.